Hesabu iliyomo ndani ya silabi ya Kikorea

Jina la maandishi ya Kikorea, Hangul, lina herufi sita likiandikwa kwa Kikorea chenyewe, lakini jicho linaona vijumba viwili tu: 한글. Sisi tunapanga herufi mstari mmoja. Wakorea, tangu Mfalme Sejong alipoyatangaza maandishi hayo mwaka 1446, huzikusanya silabi kwa silabi: konsonanti ya mwanzo, irabu, na pengine konsonanti ya kufungia, chini yake.

Kompyuta huhifadhi namba, si maumbo. Namba apewe nani basi, herufi au kijumba kizima? Kiwango cha Korea Kusini cha mwaka 1987, KS C 5601, kilichagua vijumba, tena 2,350 tu. Kilichokosekana maarufu ni 똠, silabi inayoanza jina la supu ya Kithai, tom yam. Supu ilikuwapo mezani, jina lake halikuchapika.

Unicode, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi namba yake, iliingiza vijumba vyote 11,172 katika toleo la 2.0, mwaka 1996. Idadi hiyo ni zao la konsonanti 19 za mwanzo, irabu 21, na nafasi 28 za mwisho (konsonanti 27, pamoja na nafasi ya kutokuwa na kitu). Kwa kuwa vimepangwa kwa utaratibu huo huo, namba ya kijumba hupatikana kwa hesabu. Chukua 한. Tukihesabu kuanzia sifuri, ㅎ ni ya 18, ㅏ ni 0, ㄴ ni 4. Zidisha 18 kwa 21, ongeza 0: 378. Zidisha kwa 28, ongeza 4: 10,588. Jumlisha na 44,032, namba ya kijumba cha kwanza, 가, upate 54,620. Ukigawanya kinyumenyume, herufi zinarudi. Mimi naona huu ndio ukurasa mzuri kuliko yote katika Unicode.

Uzuri huo ulikuwa na gharama: silabi zilizokwisha kupewa namba katika matoleo ya awali ya Unicode zilihamishwa, na maandishi ya awali yakaharibika. Tangu hapo Unicode haihamishi tena herufi.

Herufi mojamoja nazo zina namba zake. Kwa hiyo 한 yaweza kuhifadhiwa kama kijumba kimoja, baiti 3 katika UTF-8 (njia ya kawaida ya kuhifadhi namba za Unicode), au herufi tatu, baiti 9. Ndiyo maana faili lililotoka kwenye Mac, ambako jina huweza kuhifadhiwa kwa herufi mojamoja, huweza kufika kwenye Windows jina lake likiwa limesambaratika: ㅎㅏㄴㄱㅡㄹ. Si virusi, usilifute. Badili jina tu, au tumia programu inayounganisha herufi upya.