Aliyekuja na Maumivu ya Kichwa: Huduma Jumuishi ya Afya ya Akili Katika Kituo cha Jamii

Watu wengi wanaofika katika kituo chetu cha jamii hapa Kigoma Ujiji wakiwa na tatizo la afya ya akili hawasemi kwamba wana tatizo hilo. Husema kichwa kinawauma tangu mfungo wa Ramadhani, au moyo unakwenda mbio wakati wa kulala, au chakula hakipiti. Baadhi yao wameshapima malaria zaidi ya mara moja na kumaliza dawa za maumivu za duka zima, ndipo jirani akawaelekeza kwetu. Makala haya yanaeleza kwa nini malalamiko hayo ya mwili tunayachukulia kwa uzito, na kwa nini msaada unaomfaa mtu wa namna hiyo ni ule unaogusa mwili wake, mawazo yake, kipato chake na watu anaoishi nao, huku mhudumu mmoja akiwa ndiye anayefuatilia yote.

Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, lilieleza kwamba afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya mtu katika jamii, wala si kukosekana kwa maradhi peke yake. Mwaka 1977 daktari wa Marekani, George Engel, alipendekeza kwamba mgonjwa atazamwe kwa pamoja upande wa mwili, wa nafsi na wa jamii inayomzunguka. Mawazo hayo hakuna anayeyapinga hadharani. Kinachotushinda ni utekelezaji. Mwenye shida nne huelekezwa ofisi nne, akasimulia msiba wake mara nne kwa watu wasiowasiliana, na akifika ofisi ya tatu huwa amekwisha kuchoka na kurudi nyumbani. Kwa maoni yangu, hiyo haiwezi kuitwa huduma jumuishi hata kama ofisi zote ziko ndani ya uzio mmoja.

Tuchukue mfano wa mama anayeanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Ni mfano uliounganishwa kutokana na mambo yanayojirudia, wala haumhusu mtu mmoja. Amekuja kwa sababu ya kichwa na kukosa usingizi. Mhudumu anayempokea hamuulizi anajisikiaje moyoni, kwa kuwa swali hilo, kwa mgeni asiyemfahamu, hujibiwa kwa neno moja tu: salama. Anamuuliza jana alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, tangu asubuhi amekula nini, nyumbani yuko na nani, na mara ya mwisho kwenda kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ilikuwa lini. Majibu ndiyo yanayofungua mlango. Huamka saa tisa usiku na usingizi haurudi tena. Saa hizo hupiga hesabu ya deni alilobaki nalo Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Mume alikwenda kutafuta kibarua machimboni na simu yake haipatikani. Kwenye kikoba haendi kwa sababu anaona aibu, na kwa kutokwenda amewapoteza wanawake wale wale ambao wangemfariji.

Hapo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, inaonekana inavyojijenga. Huzuni humfanya mtu ajitenge. Akijitenga, yale machache yaliyokuwa yakimpa nafuu hukatika. Yakikatika, mawazo hupata nafasi kubwa zaidi na mwili hupungukiwa nguvu za kutoka nje. Hali hiyo ikidumu kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, ikaambatana na kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kubadilika kwa usingizi na ulaji, uchovu na kujilaumu kupita kiasi, na ikamzuia kufanya shughuli zake, hatusemi tena kwamba ni uchovu wa maisha. Ni ugonjwa, nao unatibika.

Tiba ya hatua ya kwanza haihitaji daktari bingwa. Mwaka 2006, mjini Harare nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha utaratibu wa kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wenye mawazo mengi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma za kawaida. Njia yenyewe ni nyepesi kueleza: mtu hutaja shida zake zote bila kukatizwa, huchagua moja anayoweza kuigusa wiki hii, hufikiria njia kadhaa za kuikabili, huchagua njia moja, kisha hurudi kueleza ilivyokwenda. Mama wa Kibirizi hatachagua kumrudisha mume. Huenda akachagua kumwendea mweka hazina wa kikoba, akiwa na mhudumu wetu, kuomba deni ligawanywe katika marejesho madogo. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya fedha na hayamhusu mshauri. Mimi nadhani mshauri asiyetaka kusikia habari za deni ameacha nje nusu ya ugonjwa.

Mazingira ya kazi nayo yana sehemu yake, na ushauri ulionakiliwa kutoka mahali pengine huweza usifae kitu kabisa. Mvuvi wa dagaa hapa hufanya kazi usiku kwa taa, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Kipindi cha mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, hivyo wengi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa bila kipato. Kumwambia mtu huyo alale saa tatu usiku kila siku ni kumfukuza. Tunachozungumza naye ni kulala kwa saa zile zile za mchana anaporudi, chumba kiwe na giza, asitumie pombe kama dawa ya usingizi kwa sababu humwamsha baada ya saa chache, na siku za mbalamwezi apange kabla jambo la kufanya, kwa maana ndizo siku ambazo vikao vya pombe hurefuka na ugomvi wa nyumbani huongezeka.

Mwili haupaswi kusahauliwa kwa sababu tu tumejua habari za moyo. Katika mkoa wenye malaria kama huu, mtu aliyechanganyikiwa ghafla akiwa na homa anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani malaria kali hushambulia ubongo na kuchelewa kunaweza kuua. Upungufu wa damu, kifafa na maradhi mengine ya muda mrefu pia huleta uchovu au mabadiliko ya tabia. Kwa hiyo kila anayeanza huduma kwetu huombwa kwanza apimwe zahanati au kituo cha afya, hata kama yeye mwenyewe ana hakika kwamba ni mawazo tu.

Liko jambo ambalo kituo cha jamii kinalimudu kuliko kliniki: hakimtangazi mtu. Mlango wanaouingia wanaojifunza cherehani, wanakikoba na vijana wa mpira ndio anaouingia mwenye sonona, na aliyeketi barazani hawezi kujua nani amefuata nini. Katika mji ambao watu wamejuana kwa vizazi, hilo lina thamani kubwa. Lakini faida hiyo hupotea siku moja tu siri ikitoka, ndiyo maana hatumpangi mtu kuhudumiwa na mhudumu wa mtaa wake, na katika vikundi tunazungumzia namna ya kukabili shida badala ya kumtaka kila mmoja asimulie yaliyompata. Anayependa kusema kwa Kiha hupangiwa anayekisikia. Wapo pia waliokimbia vita Burundi na Kongo, na hao hatuwalazimishi kusimulia waliyoyaona. Wengi hutulia kwanza kwa kuwa na ratiba, kazi na jirani wa kusalimiana naye.

Kuhusu sala na waganga, msimamo wetu ni wazi. Imani huwapa watu wengi nguvu, na sheikh au mchungaji anayemtembelea mgonjwa anafanya kazi ambayo sisi hatuiwezi. Tunachoomba kwao na kwa waganga wa jadi ni mambo mawili yasiyo na mjadala: mgonjwa asiachishwe dawa za hospitali, na asifungwe kamba, asipigwe wala asinyimwe chakula. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifanyi kazi. Wengine hununua vidonge vya usingizi, hasa vile vya jamii ya valiamu, wakavizoea kiasi cha kushindwa kulala bila hivyo. Hivyo visitumike bila maelekezo ya daktari.

Mtu akisema kwamba amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia uzito kwa kuwa ameruhusiwa kusema. Asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu na vidonge viondolewe nyumbani, na apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni au kituo cha afya kilicho karibu akiwa na ndugu. Mtoto anayefanyiwa ukatili, au mtu anayejua habari zake, anaweza kupiga namba 116 bila malipo. Anayesikia sauti zisizosikika kwa wengine, asiyelala kabisa kwa siku kadhaa huku akiongea mfululizo, na mama aliyejifungua ambaye ghafla hamtambui mtoto wake, hao wote hawabaki kituoni. Wanahitaji daktari haraka.

Rufaa, hata hivyo, haimfungi mtu faili. Mhudumu aliyempokea siku ya kwanza ndiye anayemsindikiza hospitalini, na ndiye anayemtembelea nyumbani katika wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa. Anapofika huangalia mambo matatu: dawa zimebaki kiasi gani, tarehe ya kliniki imeandikwa wapi, na ni nani katika nyumba ile aliyekubali kuikumbuka.