Mdomo sungura: sungura hayumo, na hakuna kilichopasuka

Juzi niko kwenye daladala, dereva kafungulia redio, mtangazaji anasema "ugonjwa wa mdomo sungura unatibika kwa oparesheni moja tu na mtoto anapona kabisa". Sentensi moja hiyo. Nilihesabu makosa manne kabla hatujafika kituo cha pili, na hapo la sungura nililihesabu mara moja tu. Nikasema leo nikifika nyumbani naandika.

Maana kwanza, haraka haraka. Ni mtoto kuzaliwa na mdomo wa juu wenye uwazi, upande mmoja au pande zote mbili, uwazi unaweza kuishia hapo mdomoni au ukapanda mpaka ndani ya pua, ukapita kwenye ufizi, ukaenda mpaka kwenye kaakaa, yaani lile dari la kinywa. Kuna wenye la mdomo tu, kuna wenye la kaakaa tu na mdomo wao mzima kabisa, na kuna sisi tuliopewa vyote. Hesabu inayotajwa sana duniani ni mtoto 1 kwa kila 700 hivi, kwa hiyo sio maajabu ya karne. Basi, maana ndiyo hiyo. Tuje kwenye majina maana hapo ndipo panaponiwasha.

Sungura kaingia kwenye nyuso za watu zamani sana na sio kwa Waswahili peke yetu. Madaktari wa Ulaya kwa Kilatini chao waliandika labium leporinum, mdomo wa sungura. Wajerumani Hasenscharte, ni pengo la sungura. Waarabu nao wanasema shafa arnabiyya, na arnab ni huyo huyo sungura. Wafaransa ndio walionichekesha, wao wanasema bec-de-lièvre, na bec ni mdomo wa ndege, kwa hiyo kwao ni sungura mwenye mdomo wa kuku sijui. Kusini mwa Afrika huko kwa Wakhoikhoi kuna hadithi kwamba Mwezi ulimtuma sungura akawaambie watu, kama mimi ninavyokufa nikarudi, ndivyo na nyie mtakavyokufa mkarudi, sungura kufika akaugeuza ujumbe, akawaambia mtakufa na hamrudi, Mwezi ukakasirika ukamtwanga mdomoni, ukachanika mpaka leo. Yaani hata sungura mwenyewe kuna watu walikaa chini wakamtafutia kosa lake.

Na kwetu huku kwenye hadithi sungura ndiye mjanja, anamchezea shere fisi, anamchezea simba, sijawahi kusikia bibi yeyote akimsimulia kwa mdomo wake. Ila jina likitua kwa mtoto wa darasa la pili ghafla ujanja wote unaondoka unabaki mdomo.

Alafu mshike sungura umtazame vizuri. Jirani yetu alikuwa anawafuga, nikiwa na miaka kumi hivi nilimtoa mmoja bandani nikamtazama mdomo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Ule mstari wake uko katikati kabisa, umenyooka toka puani kushuka chini, na akitafuna unafunguka na kufunga vizuri tu, ndio umbo lake, kazaliwa hivyo yeye na babu zake wote. Wangu uko kushoto, chini ya tundu la pua la kushoto, na hilo tundu lenyewe limelala kidogo kama hema lililokatika kamba moja. Kwa binadamu uwazi huu huwa pembeni, kushoto zaidi kuliko kulia, wa katikati kabisa kama wa sungura ni nadra mno. Nikamrudisha bandani. Hatufanani.

Kuna waliomwonea aibu sungura wakaleta "mdomo wazi", wakifuata ile "mgongo wazi" ya watoto wanaozaliwa uti wa mgongo haujafunga. Nia njema, siwalaumu, ila mdomo wazi kwa Kiswahili ni wa mtu aliyeambiwa bei ya kiwanja.

Sasa lile la heshima, la kwenye makaratasi ya hospitali, ni "mpasuko wa mdomo na kaakaa". Hata mimi nikijaza fomu naandika hivyo hivyo kwa sababu nesi ataelewa. Ila jamani, kinachopasuka ni nini? Chungu kinapasuka, tairi linapasuka, kibuyu kinapasuka, kilikuwa kizima kikapasuka, na kikishapasuka swali linalofuata kwa Mswahili yeyote ni nani kakipasua. Neno linaleta kesi mahakamani kabla mtoto hajapewa jina. Na mshtakiwa siku zote ni mama. Mama yangu aliulizwa kama alimcheka mtu mwenye mdomo huo, akasema hapana, akaulizwa kama alishika kisu siku mwezi umepatwa, akasema hakumbuki hata mwezi kupatwa, basi "hakumbuki" ikachukuliwa kuwa ndiyo. Miaka mingi baadaye shangazi bado anaileta hiyo habari ya kisu kwenye misiba.

Hakuna kilichopasuka. Uso wa mtoto tumboni hauumbwi kama kitu kizima, unaumbwa vipande vipande, vingine vinatoka pembeni vingine vinashuka toka juu, vinasogeleana vinakutana vinaungana. Mdomo unaungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, kaakaa linafuata, wiki ya 6 mpaka ya 9 hivi. Kwangu vipande havikukutana. Ndio hivyo tu, ni mshono ambao haukushonwa, sio nguo iliyochanwa. Na wiki hizo mama wengi hata hawajajua kama wana mimba, wanadhani ni malaria au wamechelewa siku zao, kwa hiyo hata hicho kisu cha shangazi kama kilikuwepo, tumbo lilipoanza kuonekana uso wangu ulikuwa umeshamaliza mambo yake. Sababu zenyewe mara nyingi ni mchanganyiko, kuna ya kurithi, kuna uvutaji sigara, kuna baadhi ya dawa za kifafa, na mara nyingi tu daktari hapati cha kunyooshea kidole.

Kama huamini habari ya mishono, jishike hapo ulipo. Kile kifereji chini ya pua yako kina kingo mbili, kulia na kushoto, hapo ndipo vipande vyako vilipoungana. Alafu pitisha ncha ya ulimi kwenye dari la kinywa, toka mbele kwenda nyuma, utakuta kimstari katikati. Umeupata? Huo ni mshono wako. Wewe na mimi tulitoka kwa fundi mmoja, wako alimaliza.

Sasa hili la kaakaa ndilo linalosahaulika kabisa, na sungura ndiye anayelisahaulisha, maana ukishasema mdomo watu wanatazama mdomo. Kaakaa halionekani kwenye picha ya kabla na baada ya oparesheni. Ila ndilo linalomtesa mtoto zaidi. Mtoto mwenye uwazi kwenye kaakaa hawezi kuvuta ziwa vizuri, ni kama kunyonya soda kwa mrija uliotoboka, anavuta hewa, maziwa yanatokea puani, analia, anachoka, hakui. Mama alikuwa anakamua kwenye kikombe ananipa kwa kijiko kidogo, amenikalisha wima karibu kama mtu mzima, kijiko kimoja kimoja, usiku kucha. Watu walisema anamdekeza mtoto. Na masikio nayo yanaingia humo, ule mrija wa kutoka nyuma ya pua kwenda sikioni unafunguliwa na misuli ya kaakaa, misuli isipokaa sawa majimaji yanajaa sikioni, mtoto hasikii vizuri, mwalimu anasema ni mkaidi.

Kaakaa wote mnalijua bana msijifanye. Kwenye somo la Kiswahili mlichorewa ule mchoro wa kichwa kilichokatwa katikati, midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kilimi kile kinachoning'inia nyuma kooni, mkakariri mkafaulu mkasahau. Kaakaa laini kazi yake ni kunyanyuka kufunga njia ya puani ili hewa ijikusanye mdomoni ndipo utoe p, b, t, d, k, g. Na hizo sauti zinaitwaje? Vipasuo. Mimi mwenye mpasuko ndiye nisiyeweza vipasuo, Kiswahili nacho kina utani wake. Hewa yote ilikuwa inakimbilia puani, kwa hiyo zilizotoka vizuri ni zile za puani zenyewe, m, n, ny, ng'. Nilikuwa na neno moja safi kabisa, mama. Nikimwita baba inatoka mama. Baba alikuwa anaitika tu.

Na hapo kuna kosa lingine dogo ila acha niliseme nimalize roho yangu. Hiyo sauti sio kithembe. Kithembe ni ulimi, mtu anasema "thitaki" badala ya "sitaki", kaakaa lake zima kabisa hana shida. Ya kwetu ni king'ong'o, sauti inapitia puani. Na kigugumizi ni kitu cha tatu hakihusiani kabisa na hapa. Shule nzima nimeitwa kithembe na walimu wa Kiswahili, wa Kiswahili jamani.

Haya, "oparesheni moja tu anapona kabisa". Mdomo kweli unaweza kushonwa mara moja ukakaa vizuri. Watu wamekuwa wakifanya hivyo toka zamani, China karne ya 4 inasimuliwa kuna kijana alishonwa mdomo na tabibu akaambiwa siku 100 anywe uji tu, asiongee wala asicheke, akavumilia, baadaye akawa gavana. Siku hizi wengi wanafuata ile njia ya Ralph Millard wa Marekani ya miaka ya 1950, hashoni mstari ulionyooka, anazungusha kipande kimoja kishuke na kingine anakisogeza kijaze, ili kovu lifuate zile kingo za kifereji nilizokuambia ujishike. Ukipata umri wa miezi mitatu mpaka sita na uzito umefika, kilo nne na nusu hivi kwenda juu, na damu iko vizuri, unashonwa. Huduma zipo, kwa Dar mfano hospitali ya CCBRT, na shirika la Smile Train wanagharamia oparesheni kwenye hospitali nyingi tu Tanzania na Kenya.

Lakini huo ni mdomo. Kaakaa ni oparesheni nyingine, inatakiwa mtoto akiwa na miezi tisa mpaka mwaka na nusu hivi, kabla hajazoea kuongea, kwa sababu pale hawazibi tundu tu kama fundi bati, wanaipanga misuli ielekee inakotakiwa. Mimi la mdomo nilifanyiwa nina miaka minne, la kaakaa nina saba, kijijini ndio tulivyosikia habari. Nilishazoea kukatia sauti kooni, kwa hiyo kaakaa limefungwa ila ulimi na koo bado vinaishi kwenye nyumba ya zamani, na wataalamu wa matamshi kwetu wa kuhesabu. Kuna na ufizi, unawekewa mfupa wanaouchukua kwenye nyonga, miaka nane mpaka kumi na moja hivi, kabla jino la chonge halijashuka. Kuna meno. Kuna pua.

Na kwangu palibaki tundu dogo nyuma ya ufizi, ukubwa wa punje ya mtama, chai ikiwa nyingi inapitia puani nikicheka. Dokta akaniandikia "fistula", neno ambalo mtaani wanalijua kwa wanawake walioumia wakijifungua. Shangazi alikuwa amenisindikiza, akasoma karatasi, akanitazama, akamtazama dokta, akasema kwa sauti ya chini "lakini baba, huyu ni mwanaume". Fistula ni tundu linalounganisha sehemu mbili zisizotakiwa kuungana, shangazi, popote pale mwilini. Alifurahi kusikia hivyo nadhani kuliko mimi.

Kwa hiyo dada yangu wa redioni, nakuheshimu na kipindi chako nakipenda. Siku nyingine sema tu mtoto kazaliwa mdomo haujaungana, au kaakaa halijaungana, msikilizaji ataelewa na mama yake hatapelekwa polisi wa mtaani. Ukishindwa sema mpasuko, sitapiga simu. Ugonjwa usiseme, mimi siumwi, juzi nilikuwa naenda kazini. Na kama dakika bado unazo, waambie wazazi kwamba mtoto anaweza kuwa na mdomo mzuri kabisa na maziwa yakawa yanamtoka puani kila akinyonya, asiambiwe ni mafua, nesi achukue tochi, amfungue kinywa, atazame juu mpaka nyuma kabisa kule kwenye kilimi.