Je, ukishamlipa fundi wa tovuti, jina la tovuti ni lako milele?

Wafanyabiashara wengi wanaamini kwamba ukishamlipa fundi akakutengenezea tovuti, ni yako daima na hudaiwi tena. Imani hii inaeleweka, maana mafundi wengi hutaja bei moja ya jumla.

Ndani ya bei hiyo mna vitu vitatu. Ubunifu hulipiwa mara moja. Nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, hukodiwa kwa mwezi au mwaka. Jina la tovuti, yaani kikoa, nalo hukodiwa: majina yanayoishia na .com husajiliwa kwa mwaka 1 hadi 10, kisha huhuishwa. Usipolipia, tovuti huzimika na barua pepe zinazotumia jina hilo hukwama. Muda wa nyongeza ukipita, mtu yeyote anaweza kulichukua.

Zito zaidi, kwa maoni yangu, ni nani ameandikwa kwenye usajili. Baadhi ya mafundi wa kujitegemea husajili kwa akaunti zao ili kurahisisha kazi, wala si kwa hila. Lakini mkipotezana, kampuni ya usajili humtambua mwenye akaunti, na risiti zako pekee huenda zisitoshe.

Kuhakiki ni rahisi na ni bure. Tafuta huduma ya “whois” kwenye intaneti, andika jina la tovuti yako, utaona tarehe ya kuisha na kampuni iliyolisajili. Jina la mmiliki mara nyingi hufichwa kwa ajili ya faragha, hivyo muulize fundi wako waziwazi, na uombe usajili uhamishiwe kwenye akaunti yako mwenyewe.