Ukoo wa Yesu: msiyaruke yale majina ya tarehe 17 Desemba

Majilio, kile kipindi cha kujiandaa na Noeli, yakifika tarehe 17 Desemba Injili ya Misa ni Mathayo 1:1-17, ule ukoo wa Yesu, Abrahamu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, twende hivyo mpaka Yosefu, na kwa vile nafundisha Biblia kwenye jumuiya ndogondogo najua kabisa watu wengi wanaisikia kama listi ya majina magumu wanasubiri iishe. Mi nasema ukitaka kuelewa Kristo alikuja kufanya nini anzia hapohapo, hata kabla hujafika kwa malaika na wachungaji.

Angalia akina mama. Mathayo anaandikia watu wanaohesabu ukoo kwa baba, hakuna aliyemlazimisha kutaja mwanamke, na kama ni kutaja ungetegemea awepo Sara au Rebeka. Hawamo. Kawaweka Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, halafu ndo Maria.

Huyu Tamari msomeni vizuri, Mwanzo 38. Kaolewa na mtoto wa kwanza wa Yuda, yule mwana wa Yakobo, mume akafa, akarithiwa na shemeji yake, naye akafa, Yuda akamwambia rudi kwa baba yako ukae ujane mpaka Shela, yule wa mwisho, akue. Shela akakua na hakuna aliyemwita. Huku kwetu wapo wajane wanaoijua hali hiyo, huko ukweni hawakuachii na hawakutaki. Basi akajifunika uso akakaa njiani, Yuda akamdhani kahaba, akamuahidi mwanambuzi na kama rehani akamwachia muhuri wake na kamba yake na fimbo. Baada ya miezi kama mitatu Yuda anaambiwa mkweo ana mimba, anasema mtoeni achomwe moto. Wakati anatolewa, Tamari akatuma vile vitu kwa mkwewe, mwenye hivi ndo kanipa mimba. Yuda akakiri kwamba huyu mwanamke ana haki kuliko yeye.

Sasa tarehe 17 hiyohiyo somo la kwanza ni Mwanzo 49, Yakobo anambariki Yuda, fimbo ya enzi haitaondoka kwake. Yuda huyuhuyu aliyeacha fimbo yake njiani! Kila nikisoma haya masomo mawili pamoja naona wazi kwamba Mungu hakungoja ukoo usafishwe kwanza ndo Mwanae azaliwe humo, ahadi imepita katikati ya aibu yenyewe.

Rahabu alikuwa kahaba wa Yeriko, Ruthu ni Mmoabu, na Kumbukumbu la Torati 23 inawafungia Wamoabu mlango wa kusanyiko la Bwana, ila Ruthu ndo bibi mzaa babu yake Daudi. Na mke wa Uria, Mathayo hata hamwiti Batsheba, anamtaja kwa jina la yule mume ambaye Daudi, baada ya kulala na mkewe, alimtuma vitani akiwa amebeba mwenyewe barua ya kifo chake. Yaani kila ukisoma ukoo wa Masiya damu ya Uria inatajwa, na mi nadhani Mathayo kafanya makusudi.

Halafu mwishoni mtindo unakatika. Baba baada ya baba ni "akamzaa, akamzaa", ila kwa Yosefu haendelei hivyo, anasema tu ni mume wa Maria, na Yesu kazaliwa na huyo Maria. Hatoki kwa nguvu za ukoo, ni zawadi kutoka kwa Mungu, ila Yosefu anampa jina (Mathayo 1:25) na kwa kumpa jina anampokea kisheria kama mwanae, ndo maana anaitwa mwana wa Daudi na historia yote ile, pamoja na madhambi yake, inakuwa ya kwake kweli.

Misa ya Mkesha wa Noeli nayo ina Injili hiihii, Mathayo 1:1-25, na imeruhusiwa kusoma kipande kifupi kuanzia mstari wa 18. Mapadri na mashemasi mnaosoma hapa, naomba mwaka huu someni ndefu, tena polepole, na kwenye homilia mtajeni Tamari kwa jina.