Nguvu za farasi zimekaa resi ngapi? Nilivyotoa spoti nikachukua nekedi

Kijana mmoja wa bodaboda hapa Isevya alisimama mbele ya karakana yangu, akaizunguka pikipiki mara mbili, kisha akauliza kwa upole: "Shikamoo fundi. Ile spoti uliiuza kwa shida?"

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia hapana. Nilibadilishana na mtu nikaongeza pesa: nilitoa Honda CBR600RR, spoti iliyofunikwa kwa makava, yale maganda ya plastiki ya kukata upepo, nikachukua Yamaha MT-09, pikipiki isiyo na makava, ambayo wapenzi wa pikipiki kubwa huiita nekedi. Niliona hakuridhika. Kwake, na kwa wengi hapa Tabora, pikipiki iliyovaa makava ndiyo yenye mbio, na iliyo wazi ni ya kushuka daraja. Kwa kuwa kazi yangu ni kuzifungua hizi injini na kuzifunga, nataka nieleze vizuri.

CBR600RR ya 2007 ina cc 599 na silinda nne, na kiwandani ilipimwa nguvu za farasi zipatazo 118. MT-09 ya kwanza, iliyotambulishwa 2013, ina cc 847 na silinda tatu, ikapimwa 115. Ukiishia hapo utasema nimepoteza farasi watatu. Sasa tazama kila moja inawapata wapi. Honda inawapata kwenye resi 13,500, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Yamaha inawapata kwenye 10,000. Na nguvu ya kuvuta, ile unayoisikia mgongoni ukiongeza moto, Honda inafika nyutoni mita 66 kwenye resi 11,250, wakati Yamaha inafika 87.5 kwenye 8,500.

Mfikirie mtu wa baiskeli anayeleta mkaa mjini kutoka vijiji vya Uyui. Anakanyaga taratibu, lakini kila kanyagio lina uzito. Mwenzake mwenye baiskeli nyepesi anakanyaga kidogo kidogo, haraka haraka. Kwenye tambarare wanaweza kufanya kazi sawa kabisa, kwa sababu nguvu za farasi ni uzito wa kanyagio ukizidishwa kwa idadi ya mizunguko kwa dakika. Mpunguzie huyu wa pili mizunguko, mpe kilima na mzigo, na hana cha kukupa. Injini ya spoti ya cc 600 imejengwa hivyo kwa makusudi. Pistoni ni fupi za mwendo na vali zimepangwa kupumua vizuri juu kabisa, kwa sababu mashindano ya uwanjani ndiyo yaliyoizaa.

Na ukiwa Tabora, huko juu utafika lini? Kwa gia ya kwanza tu, CBR ikikaribia resi 13,500 umeshapita kilomita 90 kwa saa. Mjini tunaruhusiwa 50. Maana yake nilimiliki nguvu 118 miaka yote hiyo na sikuzitumia kihalali hata mara moja kati ya Kitete na stesheni.

Mahali nilipoelewa tofauti hii kwa mwili wangu ni barabara ya Sikonge, nyuma ya lori la tumbaku. Na spoti, ukiwa 80 kwenye gia ya sita, injini iko chini ya resi 5,000 na imelala. Ili kulipita lori lazima ushushe gia mbili, pengine tatu, usubiri injini ipande, ndipo utoke. Na MT-09 naongeza moto palepale kwenye gia ileile na pikipiki inaondoka. Muda ninaokaa upande wa wenzangu wanaokuja umepungua, na kwangu huo ndio usalama wenyewe.

Jambo la pili ni mikono. Usukani wa spoti umefungwa chini, miguu iko nyuma, kifua kinalala juu ya tanki. Watu hudhani ni mapambo. Ule mkao unafanya kazi, ila kwa mwendo wa juu: upepo ukiwa mkali unakibeba kifua na viganja vinapumzika. Ukiwa 40 au 50 upepo huo haupo, kwa hiyo viganja vinabeba kiwiliwili chote. Wateja wawili wameniletea spoti wakilalamika kwamba usukani ni mzito. Nilikagua beringi za shingo, zilikuwa nzima. Kilichokuwa kizito ni wao wenyewe, walikuwa wameegemea usukani kiasi kwamba kila tuta liliwaingia viganjani. Nekedi ina usukani mpana na ulioinuka, unakaa wima, unaona juu ya bajaji na magari madogo, na ukitaka kukwepa shimo unasukuma kidogo tu, pikipiki inaitikia.

Halafu joto. Oktoba ya Tabora mnaijua. Spoti inakusanya hewa ya rejeta ndani ya makava na kuimwagia mapajani mara feni inapowaka. Na kava la chini lilikuwa linakwaruza matuta marefu.

Nekedi hazikuzaliwa kama pikipiki za kushuka daraja. Ulaya vijana walioanguka na spoti zao walikuwa hawana pesa ya makava mapya, wakayaondoa yote, wakafunga usukani mrefu, wakaona pikipiki imekuwa tamu zaidi mjini. Viwanda vikafuata. Mwaka 1993 Ducati ilianza kuuza Monster, iliyochorwa na Miguel Galluzzi kwa kuunganisha fremu na injini zilizokuwapo tayari kwenye pikipiki zake nyingine. Leo Yamaha MT-10 inabeba injini iliyotokana na ile ya R1, spoti yao kubwa.

Sitaki kuwadanganya kuhusu kasoro. Kwenye lami ndefu ya Nzega, ukipita 110, upepo unakupiga kifuani na shingo inachoka. Ukifika Puge unataka kupumzika. MT-09 za mwanzo zina shokapu laini mno, zinainama sana ukishika breki, nami nilibadilisha mafuta ya shokapu za mbele kwa mazito zaidi. Moto wake pia ni wa ghafla. Kuna swichi yenye hali tatu: A ni kali, B ni laini, na ya tatu iko katikati. Matoleo hayo hayana kidhibiti cha tairi kuteleza, kwa hiyo mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi mimi naweka B bila kujadili. Ukitoka kwenye pikipiki ya cc 125 moja kwa moja hadi hii, tairi la mbele litanyanyuka kabla hujajua umefanya nini.

Kuhusu kubadilishana: thaminini kila pikipiki kivyake, kwa pesa taslimu, kabla ya kutaja nyongeza. Ukianza na "niongezee kiasi gani" umeshapotea. Soma namba ya injini na ya chesisi kwenye chuma, ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Mimi pikipiki moja niliyonunua zamani ilikuwa na tarakimu mbili tofauti kwenye kadi, na nilikaa miezi bila kuweza kuhamisha umiliki. Kisha geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, utazame vizuizi vya chuma pale shingoni. Rangi inapakwa upya na taa zinanunuliwa mpya, lakini kizuizi kilichopondeka kinaonyesha pikipiki iliwahi kuanguka vibaya. Tazama pia meno ya sproketi. Yakiwa yamelala upande mmoja, cheni nayo imekwisha. Afueni niliyoipata ni matairi: zote mbili zinatumia 120/70 mbele na 180/55 nyuma, inchi 17, kwa hiyo jozi niliyokuwa nimeagiza Dar haikupotea.

Kitu cha kwanza nilichofunga ni wavu wa chuma mbele ya rejeta. Bila makava, inapokea kila jiwe linalorushwa na lori, na tundu moja dogo likitoboka kati ya Sikonge na Ipole utasubiri gari la kukubeba hadi jioni. Nilikata wavu mwenyewe, tundu zake pana za kutosha hewa kupita, nikaukaza kwa boliti nne. Kijana wa bodaboda ndiye aliyenishikia.

Kisha akaomba nimpe ufunguo asikie tu inavyonguruma.