Fundi aliyejiandikia sifuri

Juzi baada ya alasiri fundi mmoja wa nakshi alinikuta barazani hapa Langoni, mtaa wa mji wa Amu (Lamu), akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa bajeti ya ombi lake la ruzuku. Anataka kuchonga mwimo, kizingiti na mfaa wa mlango mmoja kwa nakshi za kale za Siyu, kisiwani Pate, mbele ya vijana wawili wa karakana yake, ili nao wazishike kabla hazijapotea mikononi. Kila kitu kilikuwamo: mbao za mbambakofi, gundi, msasa, patasi mbili mpya, boti kutoka Mokowe, punda kutoka gatini hadi karakanani, posho ya vijana, chai yao, mpiga picha. Mstari wa mwisho ulisomeka "Fundi", na mbele yake sifuri.

"Ami, na wewe mwenyewe?" nikamuuliza.

"Mimi sijilipi, mwanangu. Nikijitia humo wataniona nina tamaa, waninyime zote."

Huyu ni wa nne tangu mwaka huu uingie. Kabla yake alikuja mwandishi wa hati za Kiarabu, akaja bibi anayeshona kofia za vito (vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi), akaja kijana wa filamu fupi. Wote walijiandikia sifuri au walijiacha nje kabisa, na wote kwa hoja ile ile. Nimekuwa nikiwasaidia wasanii wa Amu kuandaa maombi kwa miaka 11, na mara 3 nimekaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la kuchagua. Naandika haya kwa sababu sifuri hiyo inawakosesha watu, na inaniuma kila ninapoiona.

Nadhani maneno yenyewe yametuponza. Tunasema "kuomba ruzuku". Kuomba tunakutumia mbele ya Mungu, na ndilo neno la mwenye njaa aliyesimama mlangoni. Ruzuku nayo ni ndugu wa riziki, mzizi wao mmoja. Mwenyezi Mungu ndiye anayeruzuku. Basi mtu akiambiwa "omba ruzuku" anaingia moja kwa moja katika adabu ya kupokea fadhila. Anajidunisha, anataja kidogo, hajitaji mwenyewe. Wengine hawajaribu kabisa, maana riziki haivutwi kwa kamba. Nimesoma barua inayoanza "mimi mnyonge wenu", na aliyeiandika ni bingwa ambaye milango yake watu huvuka bahari kuja kuipiga picha. Fomu ilimuuliza atafanya nini, kwa muda gani na kwa gharama gani. Yeye akaeleza shida zake za nyumbani kurasa mbili, na kuhusu kazi akaandika mistari minne.

Neno linalotufaa tunalo hapa hapa mjini: wakfu. Shirika la kutoa ruzuku kwa Kiswahili huitwa wakfu, na jina limelikaa. Mtu ameweka mali kando, mali yenyewe haiguswi, kinachotumika ni pato lake, na pato hilo lina kazi iliyotajwa. (Si kila shirika liko hivyo, mengine huchangisha upya kila mwaka. Lakini masharti yao husomwa namna moja.) Shamba la minazi likiwekwa wakfu kwa taa za msikiti, nazi zikauzwa, fedha ni za taa. Sharti la aliyeweka wakfu linafuatwa kama alivyoliacha, na hakuna anayekwenda kumlilia msimamizi ili azigeuze kuwa fedha za paa. Na imamu, na mwadhini, na anayefagia ua wa msikiti, wakilipwa kutoka katika pato lililowekwa kwa ajili hiyo, ni nani Amu aliyewahi kuwaita wenye tamaa? Hata msimamizi wa wakfu, fiqhi inamruhusu achukue ujira wa haki kwa kazi yake. Ruzuku ya msanii ndiyo hiyo. Fedha zimetengwa ili kazi fulani ipatikane, kazi haipatikani bila mfanyaji, na mfanyaji anakula.

Nieleze jopo linavyosoma, kwa sababu hapa ndipo hofu ya tamaa inapowapoteza watu. Mimi huanza na bajeti kabla ya maelezo, na wajumbe wengi niliokaa nao hufanya hivyo. Maelezo mtu anaweza kuyapamba. Bei ya mbao na idadi ya siku ni vigumu kuzipamba. Nikikuta mtu anataka kufanya kazi ya miezi 5 naye hajajilipa hata shilingi, simwoni mkarimu. Najiuliza atakula nini tangu mwezi wa kwanza hadi wa tano. Kama ana mshahara kwingine, mbona hakuutaja? Kama hana, ama atachota kwenye fedha za mbao, ama ataiacha kazi yetu siku atakapopata nyingine ya kumlisha. Siwezi kumlaumu kwa lolote kati ya hayo mawili, lakini kura yangu pia inakuwa nzito kuitoa.

Hili nimeliona kwa macho. Miaka kadhaa nyuma nilimsaidia msanii mmoja, mkono hodari sana, akapata ruzuku kwa bajeti isiyokuwa na malipo yake. Niliiona kasoro ile nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa mgeni katika shughuli hii nikadhani unyenyekevu wake utapendwa. Mwezi wa pili wa mradi, nyumba moja kubwa ya Shela ikamwagiza milango 6, nusu ya fedha mkononi. Watoto wake wanadaiwa karo. Afanyeje? Akaenda Shela miezi 4. Mbao za mradi zikabaki karakanani, moja ikapasuka kwa jua. Ripoti ikachelewa, awamu ya pili ya fedha ikafutwa, na katika faili la wafadhili wale yeye sasa ni mtu asiyetimiza ahadi. Mtu yule ukimwachia amana ya dhahabu miaka kumi utaikuta. Alikosa mstari mmoja kwenye bajeti, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi sikuuandika.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua ujira wako wa siku, ule unaomtajia mwenye nyumba bila kupepesa jicho. Tuseme shilingi 1,800. Kisha hesabu siku halisi za kazi, usihesabu miezi. Ami alisema miezi 4. Tulipokaa na kalenda tukatoa Ijumaa, tukaigawa nusu Ramadhani maana atachonga asubuhi tu, tukatoa siku za kungoja mbao kusi ikichachamaa, zikabaki siku 70. Mara 1,800 ni shilingi 126,000. Aliposikia akashtuka, akashika ndevu. Nikamwonyesha mstari wa mbao, shilingi 140,000, ambao aliuandika mwenyewe na haukumshtua hata kidogo.

Yako mashirika yasiyoruhusu msanii ajilipe, au yanayoweka ukomo. Masharti yao husema hivyo waziwazi. Hapo andika thamani ya kazi yako, hiyo hiyo 126,000, kisha onyesha kwamba ni mchango wako katika mradi. Jopo likaona kwamba mradi una thamani kubwa kuliko fedha unazotaka kwao, na kwamba sehemu ya mzigo umeibeba wewe. Hata huko, basi, sifuri haina pa kukaa.

Na masharti yasomwe kabla ya kununua bando. Jerome Foundation ya Marekani, iliyoanzishwa na Jerome Hill mwaka 1964, husaidia wasanii wa fani nyingi, lakini wawe wakazi wa jimbo la Minnesota au jiji la New York. Nimemwona kijana wa hapa amekesha nayo mpaka alfajiri. Elizabeth Greenshields Foundation ya Kanada, ya mwaka 1955, haibagui uraia, inapokea wachoraji na wachongaji walio mwanzoni mwa safari, ila kazi iwe na sura ya vitu na watu wanaotambulika. Anayechora maumbo matupu hana haja ya kupoteza usiku wake. Karibu na nyumbani kuna HEVA ya Nairobi, mfuko wa kufadhili kazi za ubunifu, na hapo soma mara mbili ujue mwito uliofunguliwa ni wa ruzuku au wa mkopo, kwa kuwa wamekuwa na vyote viwili na mkopo hurudishwa.

Neno jingine linalotupotosha ni "chipukizi". Tukilisikia tunamwona kijana wa miaka 22. Ami ana mvi kichwa kizima, akaniambia amechelewa, hiyo ni ya watoto. Sivyo. Mashirika mengi hupima miaka ya kazi ya ubunifu, hayapimi miaka ya kuzaliwa. Jerome imekuwa ikizungumzia msanii aliye kati ya mwaka wa 2 na wa 10 wa kazi yake, awe na umri wowote. Tuzo za Seed za Prince Claus Fund ya Uholanzi, zilizoanza mwaka 2021 kwa watu 100, euro 5,000 kila mmoja, nazo hutazama miaka ya mwanzo ya kazi. Hapa lakini nakiri nina mashaka yangu. Mtu aliyechonga miaka 30 kwa kuagizwa na wenye nyumba, ni chipukizi? Kwa ufundi, hata kidogo. Kwa kubuni kazi yake mwenyewe, kwa jina lake, ndiyo kwanza anaanza. Huwa naandika maneno hayo hayo kwenye fomu. Jopo moja lilikubali, jingine likakataa, na hoja za pande zote mbili naziona zina uzito.

Fomu pia hutaka uchague fani moja: uchongaji, muziki, fasihi. Sisi hatukugawanyika hivyo. Muhamadi Kijuma wa hapa Amu, aliyefariki mwaka 1945, alichonga milango, alitunga na kunakili tenzi kwa hati ya Kiarabu, na muziki ulikuwa wake vilevile. Watafiti wa Uingereza kama Alice Werner na William Hichens walipotaka nakala za tenzi walimwendea yeye, na kunakili huko kulikuwa kazi ya malipo. Sioni utenzi ulipungukiwa nini kwa mwandishi wake kulipwa. Kwa fomu, nashauri uchague fani ya kile kitakachoonekana mwisho wa mradi. Ami atatoa mlango, basi ni mchongaji, ingawa akichonga huwafundisha vijana kwa mashairi.

Kuhusu risiti nitasema kwa ufupi. Mwenye punda hana kitabu cha risiti, wala nahodha wa boti. Tengeneza vocha: jina, kazi, kiasi, tarehe, sahihi au dole gumba. Lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Malipo yako nawe yaandikie vocha kila mwezi, kama ya mtu mwingine yeyote. Daftari moja la mistari linatosha.

Sasa niseme yale ambayo warsha za kuandika miradi haziyasemi. Katika jopo mojawapo nililokalia, maombi mazuri yalikuwa mengi kuliko nafasi. Matano ya mwanzo yalijichagua. La sita tulilijadili hadi magharibi, na ukiniuliza leo kwa nini yule na si mwenzake, jibu la kweli ni kwamba tulikuwa tumechoka, na mmoja wetu akasema kwa nguvu kuliko wengine. Yule wa saba alipata barua ile ile ya kukataliwa waliyopata walioandika ovyo. Nimemfikiria mara nyingi. Nikimwona mtu amekunja uso kwa kukataliwa humwuliza kwanza kama bajeti yake ilikuwa na sifuri, lakini moyoni najua huenda alikuwa wa saba tu.

Lipo pia linalonihusu mimi mwenyewe. Bibi wa kofia hunisimulia kwa Kiamu safi, anieleze kila kito kinavyozungushiwa uzi na mchoro gani aliurithi kwa nani, nami nakaa naandika kwa Kiingereza. Likichaguliwa ombi lile, kilichochaguliwa ni kofia yake au sentensi zangu? Fundi mwingine, wa Matondoni au Kipungani, asiyekuwa na mtu wa kumwandikia, ukili wake unaweza kuwa bora mara mbili na jopo lisijue kwamba yupo. Siku hizi, palipo na nafasi ya kuambatisha sauti, namrekodi mwenyewe akieleza na natafsiri neno kwa neno bila kupamba. Baadhi ya mashirika yamepokea. Mengine fomu zao hazina pa kuiweka, na nimewaandikia kuwaeleza hivyo.

Ami, baada ya mshtuko wa 126,000, alitaka tuandike 1,000 kwa siku. Nikamuuliza mwenye nyumba wa Shela humtajia kiasi gani. Akatazama pembeni kidogo, akachukua kalamu, akaandika 1,800 kwa mkono wake, tarakimu ndogo kama mbegu za ufuta. Nikamwomba aziandike ukubwa ule ule wa tarakimu za mbao. Akaziandika. Tumetuma Jumatatu usiku, mtandao ulipotulia. Bibi wa kofia anakuja kesho, nami nimemwagiza kabla hajaja ahesabu ni siku ngapi alizoshonea kofia yake ya mwisho, pamoja na zile za usiku.