Toleo jipya la programu ya uigaji: mimi naanza na ucheleweshaji

Kila likitoka toleo jipya la programu ya uigaji wa wakati halisi, tangazo lake huanza na yale yanayopendeza macho: dirisha limepangwa upya, grafu zimeng'arishwa, modeli inafunguka haraka zaidi. Mimi nayaruka hayo yote na kutafuta jambo moja. Hatua moja ya hesabu ikichelewa, toleo hili linafanya nini? Linaiona? Linaniambia? Kwa anayepima vifaa, mengine yanafuata baada ya hapo.

Chukua inveta ya sola, ile inayogeuza umeme wa DC wa paneli kuwa AC wa gridi. Ndani yake kuna kadi ya udhibiti, na programu iliyomo kwenye kadi ndiyo inayoamua transista ziwake au zizime lini. Kabla ya kuifunga kadi hiyo kwenye inveta yenyewe, tunaiunganisha na kompyuta inayoigiza kila kitu kingine: paneli, transista, koili, gridi. Kadi inatoa mapigo yake, kompyuta inakokotoa mkondo na volteji ambavyo vingetokea, kisha inazirudisha kwenye pini za kadi kama ishara za umeme. Kadi haina namna ya kujua kwamba gridi haipo. Hapo ndipo unapoweza kuitia misukosuko usiyothubutu kuijaribu kwenye mtambo wa kweli: shoti kwenye nyaya, volteji kuporomoka ghafla, kihisi kukatika katikati ya kazi. Mifumo mikubwa hupimwa kwa njia hiyohiyo. Vidhibiti vya laini za umeme wa DC wa volteji ya juu, za aina ya ile ya kV 500 inayotoka Wolayita-Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, kwa desturi huunganishwa kwanza na kiigaji kiwandani kabla ya kusafirishwa kwenda kwenye kituo.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja. Ukichagua hatua ya mikrosekunde 50, basi kila mikrosekunde 50 jibu liwe limeshatoka. Likitoka kwenye ya 53, kadi imesoma namba iliyopitwa na wakati, na ulichopima ni uzito wa kompyuta yako, si ubora wa kidhibiti. Wastani hauokoi kitu hapa. Modeli inayomaliza kwa mikrosekunde 20 karibu kila mara, halafu mara mojamoja ikaruka hadi 70, haifai, maana mruko huo unaweza kuangukia palepale kwenye shoti uliyokuwa unataka kuichunguza.

Ndiyo maana toleo la R2020b la Simulink Real-Time, programu ya uigaji ya kampuni ya MathWorks, bado nalihesabu kuwa badiliko kubwa kuliko mengi yaliyolifuata. Awali programu hiyo, iliyokuwa ikiitwa xPC Target, iliendesha modeli juu ya kiini (kernel, yaani moyo wa mfumo endeshi) chake yenyewe. Tangu R2020b inatumia QNX Neutrino, mfumo endeshi wa wakati halisi ambao umekuwa kazini kwenye magari na mitambo kwa miaka mingi. Pia inaonyesha muda ambao kila kazi ya modeli imetumia, pamoja na muda mrefu kabisa uliowahi kufikiwa, wakati jaribio likiendelea. Gharama yake ni kwamba kompyuta ya kawaida, ambayo enzi za xPC Target ungeweza kuigeuza kuwa kiigaji, haikubaliki tena. Ni lazima uwe na mashine za kampuni ya Speedgoat, na kwa vyuo na karakana nyingi za kwetu huo ni mlango uliofungwa.

Kwa hiyo habari iliyonifurahisha kuliko zote miaka hii ya karibuni ilitoka upande wa Linux. Septemba 2024, msimbo wa PREEMPT_RT, unaoifanya Linux ifae kazi za wakati halisi, ulikubaliwa ndani ya kiini rasmi cha Linux, baada ya kuishi nje yake kama kiraka kwa takriban miaka 20. Thomas Gleixner, aliyeubeba mzigo huo kwa muda mrefu, alimkabidhi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ombi la mwisho la kuuingiza msimbo huo likiwa limechapishwa na kufungwa kwenye karatasi ya dhahabu, na miaka yote ile ya kazi ilistahili heshima hiyo. Toleo la 6.12 la kiini likatoka Novemba mwaka huohuo, na Debian 13, mfumo endeshi wa bure wa Linux, inatumia kiini hicho.

Kinachofanywa na PREEMPT_RT ni kukifanya kiini chenyewe kikubali kukatizwa. Katika Linux ya kawaida zipo sehemu ambazo kiini kikiingia hakitoki mpaka kimalize, hata kama kazi yako ya haraka inasubiri mlangoni. Ukiwasha PREEMPT_RT, kufuli nyingi za ndani huwa za aina inayoruhusu kazi yenye kipaumbele cha juu ipite mbele. Kushughulikia ishara za vifaa, kama kadi ya mtandao au diski, nako kunageuka kuwa kazi ya kawaida yenye kipaumbele unachoweza kukipanga. Na kazi ya chini ikishika kufuli ambayo ya juu inaihitaji, inaazimwa kipaumbele cha juu ili imalize upesi. Kompyuta haiwi na kasi zaidi kwa hayo. Mara nyingi wastani wa kasi yake unapungua kidogo. Unachopata ni kikomo cha ucheleweshaji.

Ukitaka kukiona kikomo hicho kwenye mashine yako, endesha cyclictest, programu ya kupima ucheleweshaji, kwa amri hii:

cyclictest --mlockall --smp --priority=80 --interval=200 --distance=0

Wakati huohuo, kwenye dirisha jingine, itwishe mashine mzigo mzito: stress-ng (programu ya kuichosha kompyuta), kunakili mafaili makubwa, mtandao uliojaa. Kila kori, yaani kila kitengo cha hesabu ndani ya prosesa, itapata mstari wake wenye Min, Act, Avg na Max. Macho yako yakae kwenye Max tu, ucheleweshaji mkubwa kuliko wote, na uiache mashine usiku kucha. Max ikiruka ghafla baada ya saa kadhaa za utulivu, usikimbilie kulaumu kiini. Ingia kwenye BIOS, programu ya ubao mama inayowasha kompyuta, uzime usingizi wa kori, maana kuiamsha kori iliyolala kunachukua muda. Tenga kori za modeli kwa isolcpus na nohz_full, vigezo unavyompa kiini kompyuta inapowaka. Tatizo likibaki, huenda ni BIOS yenyewe inayoinyakua prosesa kimyakimya bila mfumo endeshi kujua, na kwa ubao mama wa namna hiyo dawa ya kweli ni kuubadilisha.

Hata hivyo, prosesa ina mwisho wake. Turudi kwenye inveta. Kidhibiti chake kikifanya kazi kwa kHz 10, mzunguko mmoja wa mapigo ni mikrosekunde 100. Kiigaji chenye hatua ya mikrosekunde 50 kinaliangalia pigo mara mbili tu kwa mzunguko, kwa hiyo hakiwezi kutofautisha pigo linalochukua asilimia 30 ya mzunguko na linalochukua asilimia 40. Hapo inahitajika FPGA, chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe. Ikisoma pini kila nanosekunde 10, mzunguko uleule unakatwa vipande 10,000. Hata ule muda mfupi ambao transista zote mbili za mkono mmoja wa inveta huzimwa ili zisigongane, tuseme mikrosekunde 2, unaonekana kwa vipande 200.

Zamani kuweka saketi ndani ya FPGA kulihitaji mtu wa VHDL, lugha ya kuandikia saketi, na kila badiliko lilimaanisha kusubiri saa nyingi chipu ipangwe upya. Viigaji vya OPAL-RT na Typhoon HIL vimeondoa kikwazo hicho: unachora saketi, programu inatengeneza namba zake na kuzipakia kwenye kikokotoo kilichokwisha kupangwa ndani ya chipu. Unabadilisha koili na kurudi kwenye jaribio papo hapo.

Lakini uliza transista imeigizwa vipi. Njia moja inayotumika sana huifanya transista iliyowaka kuwa koili ndogo na iliyozima kuwa kapasita ndogo, ili jedwali la hesabu lisibadilike kila swichi inapogeuka. Inaokoa muda, lakini kila mgeuko unapoteza nishati ambayo kwenye saketi ya kweli haipotei, na kadiri kHz zinavyopanda upotevu huo wa bandia unaongezeka. Matokeo kama hayo yanafaa kupima mantiki ya kidhibiti na ulinzi wake. Usiyatumie kumwambia mteja inveta ina ufanisi wa asilimia ngapi.

FMI 3.0, kiwango cha kubadilishana modeli kilichotoka Mei 2022, nitakigusa kwa ufupi. Kilicho muhimu kwangu ni saa. Katika 2.0 modeli iliyofungashwa ilikuwa kasha lisilokuambia ndani yake kazi gani inaamka lini. Katika 3.0 modeli inatangaza saa zake, na kiigaji kinaweza kuiamsha kila kazi kwa wakati wake na kwa kipaumbele chake. Ila ukisoma kwamba programu inakubali FMI 3.0, uliza kama inakubali pia aina ya utekelezaji inayoruhusu kiigaji kupanga kazi hizo, kwa sababu mtu anaweza kukubali kiwango bila kukubali sehemu hiyo.

Na kabla ya kulipia toleo lolote, mpe muuzaji modeli yako mwenyewe, si mfano wake. Mwombe aiendeshe usiku mzima kwenye mashine anayotaka kukuuzia, huku data zote zikirekodiwa, kisha akuletee namba mbili: hatua ndefu kuliko zote, na idadi ya hatua zilizovuka muda.